Bata Aliyemtambua Mama Mkwe

Shangazi yangu hushona mapazia, na mtaa mzima unamwita Mama Pazia, lakini ukimuuliza kazi yake atakwambia anaokota bata. Watu hununua vifaranga kwa sababu wanapendeza. Wakikua na kuanza kuchafua baraza, wanakwenda kutupwa kwenye bwawa la bustani ya mji. Bata wa kufugwa hajui kuruka wala kujitafutia. Anakaa pale akisubiri mkate wa wapita njia, mpaka siku mbwa amwone. Shangazi hapati usingizi akijua yupo mmoja wa namna hiyo, nami sipati usingizi kwa kelele za wale aliokwisha kuwaleta uani.

Siku wakwe zangu watarajiwa walipokuja kwa mara ya kwanza, nilimsihi shangazi aniache nipumue: asizungumzie bata, asinuke bata, leo tuwe watu wa kawaida. Alikubali haraka mno, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Asubuhi, nimeshasukwa na gauni jipya liko mwilini, akaniambia yuko mmoja bwawani anachechemea, kamba ya nailoni imemzonga mguu, na yeye anahitaji mtu wa kushika upande wa pili wa kitambaa. Mara moja tu, alisema.

Shangazi hakimbizi bata. Ukimkimbiza, husema, unamthibitishia kwamba wewe ni mbwa. Tulinyoosha kipande kirefu cha pazia kati yetu kama ukuta, tukatembea taratibu bila kumtazama, kama watu wanaowaza mambo mengine, tukimwachia njia moja tu, ile tuliyoitaka sisi. Akajipeleka mwenyewe hadi kwenye kona ya ua wa bustani. Shangazi akamfunika, akambana mabawa kwa upole, akamtia kwapani kama mkoba, akaikata ile kamba kwa mkasi wa uzi. Mimi nilirudi nyumbani na tope hadi magotini, nimenuna.

Wageni walipofika, bata alikuwa amefungiwa bafuni ndani ya beseni. Mama mkwe alikuja na mchumba wangu pamoja na mjomba wake. Ni mwanamke nadhifu kupita kiasi, alifuta kiti chetu kwa leso kabla ya kukikalia. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka yeye alipoanza kuzungumza. Bata alipoisikia ile sauti, alianza kupiga kelele, akausukuma mlango wa bafuni, ambao haujawahi kufunga sawasawa, akaingia sebuleni akichechemea. Alivipita viatu vya mjomba, akampita mchumba wangu, akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe na kumvuta pindo la gauni. Mama akasogeza miguu, bata naye akasogea. Akahama kiti, bata akahama naye.

"Huyu kanifananisha," alisema, akicheka kicheko cha meno matupu.

Shangazi hana dogo kwa watupa bata. Amewahi kumfuata mmoja hadi kazini kwake na kumpa vidonge vyake mbele ya bosi. Niliiona harusi yangu ikitoka mlangoni. Nikamwomba kwa macho, lakini hakunitazama. Hakumtazama hata mama mkwe. Aliinuka polepole, akamimina chai, kisha akaongea kana kwamba anaongea na sukari.

"Bata ana tabia moja. Hamng'ang'anii mtu hivi ila yule aliyemlea tangu kifaranga." Akakoroga. "Sijui kwa nini mtu aone haya kupendwa namna hiyo."

Mchumba wangu, aliyekuwa ameinama kumchunguza yule bata, akainua kichwa.

"Mama, uliniambia ameibiwa."

Uso wa mama ulimshuka. Alimtazama bata, akamnyanyua na kumweka mapajani, miguu michafu juu ya gauni lililopigwa pasi.

"Tulipohamia ghorofani alikuwa anaogea kwenye beseni la nguo," alisema. "Nikaona bora nimpeleke penye maji. Nilipoondoka alinifuata mpaka getini. Nikafunga geti."

Akalia. Shangazi naye, ambaye nilidhani angemrarua, akalia. Mimi nililia kwa sababu harusi yangu ilikuwa imepona.

Bata alibaki uani kwetu, maana ghorofani bado hapafai. Mama mkwe sasa huja kila Jumamosi na mfuko wa majani ya kabichi, ameyakatakata mwenyewe. Majirani wanasema nina bahati kupata mkwe anayenipenda kiasi hiki. Hunisalimia akiwa ameshanipita, na jibu langu humfikia akiwa uani.