Majina Saba Niliyoyafungia Dawatini

Mwanangu, kwa kuwa kumbukumbu lazima ziwe sahihi, naanza na mhusika. Aliyezuia orodha ya wagonjwa wale saba kwa miezi mitano ni mimi, nilipokuwa karani wa masjala katika ofisi ya afya ya wilaya moja huko nyumbani. Hakunituma mtu.

Siku mambo yalipoanza naiona mpaka leo, hata nikiwa hapa Sydney. Muuguzi Generoza, tuliyeajiriwa naye mwaka mmoja, alirudi kutoka mafunzoni na taa, pamba na chupa za siki. Alitufafanulia kwamba siki ikipakwa kwenye mlango wa kizazi na kuachwa dakika moja, sehemu yenye dalili za saratani hugeuka nyeupe. Doa dogo aliligandisha kwa kifaa cha baridi kali siku hiyohiyo. Mwenye doa kubwa aliandikwa jina, apewe rufaa ya hospitali ya mkoa. Kazi yote hiyo haikuhitaji maabara.

Wanawake walijaa uani. Walimwita daktari, wakamletea ndizi na mayai. Mimi nilikuwa na cheo sawa na chake na mwandiko bora kuliko wake, na sikuwahi kuletewa hata yai moja. Niliuonea wivu mpaka mkoba wake wa mafunzoni.

Alipomaliza alileta majina saba masjala, ili niandike barua za kuwaita.

"Haijapitia kwa mkuu wa idara," nikamwambia.

Akacheka. "Shoga, hata siki sasa inataka muhuri wako?"

"Siki haitaki. Orodha inataka."

"Haya, bibi masjala. Ila usiwakalishe sana, wanangoja."

Kanuni niliyoitaja ilikuwepo, sikuitunga. Lakini ningeweza kuvuka ukumbi nikapata sahihi kabla chai yangu haijapoa. Nikaifungia orodha dawatini. Generoza akapangiwa kata za mbali, akiamini barua zimekwenda.

Jina la nne lilikuwa la Mama Editha, aliyetupikia chakula cha mchana pale langoni. Ningeweza kumwambia kwa mdomo wakati ananipakulia wali. Sikumwambia, maana kumwambia kungekuwa kukiri kwamba kazi ya Generoza ina maana. Alipoanza kutokwa damu, ndipo nilipozituma barua zote saba kwa siku moja. Sita walitibiwa wakapona. Daktari wa mkoa hakusema kwamba miezi ile ndiyo iliyomuua Mama Editha, ila aliitazama tarehe ya orodha, akauliza, "Hii ilikuwa wapi?" Tulimzika kabla mwaka haujaisha.

Mwezi uliopita nilimsindikiza binti yangu Neema, dada yako, kwenye zahanati moja hapa Liverpool, kitongoji cha Sydney. Muuguzi, Mkenya, alimpa kijiti cha pamba cha kupimia mlango wa kizazi na kumwonyesha pazia. "Anajichukulia mwenyewe, Mama. Hakuna wa kumchungulia."

Neema akatoka anacheka. "Mama, mbona umenuna? Imeisha!"

Nilinuna kwa wivu, mwanangu. Nilimwonea wivu mtoto wangu mwenyewe, kwa niaba ya Mama Editha aliyenilisha.

Basi nisikilize. Ukipata barua ya kuitwa kupimwa, nenda wiki hiyohiyo, hata kama umetoka zamu ghalani na miguu inauma. Ukikabidhiwa jina la mwanamke mwingine, mfikishie, hata kama aliyeliandika anakukera kwa sifa anazopewa. Wivu utakujia, mimi ungali unanijia. Usiukabidhi ufunguo wa dawati. Mungu aulinde mwili wako, na akuweke karibu na watu watakaokuambia mapema.

Nilipostaafu, ofisi ile ilinipa cheti cha utumishi mwema. Nimekirudisha kwa posta pamoja na barua. Ndani yake nadai rasmi kwamba jalada la orodha ile lifunguliwe, jina langu liandikwe kuwa ndilo la mhusika, na watoto wa marehemu waelezwe ukweli wote. Nadai pia kwamba karani anayekalia kiti changu leo atakiwe kutaja, kwa maandishi, kila orodha ya wagonjwa iliyo mikononi mwake, na sababu ya kuwa bado iko hapo. Nasubiri kuitwa nijieleze.