Gari Limeshuka Bei, Wanadai Ng'ombe wa Mahari Yangu

Kwanza niseme, ndugu mhariri, hata leo, pamoja na haya nitakayoeleza, hakuna mwanamke anayempenda mume wake kama mimi. Akiingia tu ndani nasahau nilichokuwa napika. Ila naomba ufiche jina langu.

Nina miaka ishirini, nimesoma hadi sekondari. Kwetu ni Iringa, nimeolewa Mbeya juzijuzi tu. Mume wangu na kaka zake wawili walikuwa na pikapu nzuri waliyoinunua kwa fedha za kahawa. Mnunuzi alishapatikana, wakakubaliana aichukue baada ya harusi, nao waongeze fedha wanunue lori. Basi pikapu hiyo ikaja kunichukua mimi, bibi harusi. Karibu na Nyololo ukungu ulikuwa mzito. Lori lilihamia upande wetu wa barabara, likatugonga ubavuni, tukapinduka mtaroni. Mume wangu alinikumbatia kwa nguvu mpaka shela ikachanika. Namshukuru Mungu, hatukuumia.

Bima ya mwenye lori ililipa matengenezo. Fundi akainyoosha, akaipaka rangi, ikang'aa. Lakini mnunuzi aliizunguka mara moja tu, akacheka. "Gari lililopinduka ni chungu kilichozibwa. Kinapika, ila hakiuziki." Akataka kutoa nusu ya bei. Mume wangu akarudi kwa watu wa bima kudai thamani iliyopotea. Wakamwambia gari limerudi kama lilivyokuwa.

"Basi linunueni ninyi kwa bei ile ile!" akawajibu. Wakamtoa nje.

Hapo ndipo shemeji mkubwa alipokuja na lake. "Shemeji, gari lilikwenda Iringa kufuata nini? Lilifuata mbuzi?" Mama mkwe naye, "Tumetoa ng'ombe, tukatoa na gari. Bibi harusi gani huyu wa kulipiwa mara mbili?" Wameamua baba yangu arudishe ng'ombe watatu kufidia hasara.

Ng'ombe hao hawapo tena zizini. Baba aliwatoa hata kabla ya harusi yangu kumlipia mahari kaka yangu, na wifi yangu sasa ni mjamzito. Baba akidaiwa, itambidi akadai kwa wakwe wa kaka, nao watamchukua binti yao.

Nilimlilia mume wangu. Alinifuta machozi taratibu kama mtoto, akasema, "Mpenzi wangu, gari ni la watatu, mimi ni mmoja. Nitakwenda nao kwa baba yako, lakini sitafungua kinywa." Mimi nilitaka aseme hatakwenda.

Wanataka niongozane nao. Nikikataa, nimewadharau. Nikienda, nitakaa upande gani wa chumba? Ninyi mlioishi na wakwe miaka mingi, nishaurini, nifanye nini? Mama amesikia tu kwamba tunakuja, amefurahi, ananiuliza siku ili achinje jogoo. Nimemjibu kwamba tutafika kabla mwezi huu haujaisha.