Ruhusa ya Mwenye Nyumba

Siku fundi cherehani na mumewe walipohamia nyumba yao wenyewe, lori lilibeba makopo mengi kuliko vyombo. Makopo ya rangi, ya maziwa, madebe ya mafuta, beseni lililopasuka, hata buti moja la mvua, na kila kimoja kina mmea wake. Dereva aliuliza kama anahamisha familia au msitu. Kabla jua halijazama majirani wapya walikuwa wameshampa fundi cherehani jina, Mama Makopo, naye akalipokea kama zawadi ya harusi. Siku hiyo hata ungemtukana angekushukuru.

Nyumba ilikuwa imekamilika, lakini uwanja ulikuwa uwanja kwa jina tu: kokoto, vipande vya matofali, misumari iliyopinda. Mumewe, fundi bomba, aliusafisha, akaleta udongo mweusi na samadi, akafikisha maji kila pembe. Kupanga bustani akamwachia mkewe, na hapo ndipo vituko vilipoanza.

Mama Makopo alipima uwanja kwa futi yake ya kushonea, akapanga makopo kando ya njia, akarudi nyuma kutazama, akacheka peke yake kwa raha. Kesho yake hakuridhika. Mawaridi yakaenda ukutani, mishubiri ikaja mlangoni. Keshokutwa akapangua tena. Mume akawa anatoka asubuhi kwa njia moja, na jioni anaikuta njia ile imejaa maua. Kuna jioni aliizunguka nyumba yake mara mbili akitafuta pa kupita, huku mkewe amejificha nyuma ya pazia, anacheka mpaka mbavu zinamuuma.

"Bustani gani hii, mama?" binti yao aliuliza alipokuja kuwasalimia. "Leo iko huku, kesho iko kule. Imekosa magurudumu tu."

"Haraka haraka haina baraka, mwanangu."

"Na udongo wote huu wa baba unamsubiri nani?"

Mama akainua kopo akalisogeza.

Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa. Katika miaka yote ya kuishi kwenye nyumba za watu, alipanda ardhini mara moja tu. Mawaridi yake yalipochanua, mwenye nyumba akamtaka ahame. Wiki iliyofuata alipita pale akakuta pamemwagwa zege, na juu yake limeegeshwa gari. Tangu hapo akaapa kwamba hatapanda tena kitu asichoweza kukibeba. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na yeye alishtuka hata kwenye unyasi wake mwenyewe.

Basi mwasumini uliokuwa kwenye debe ukaanza kugeuka manjano. Huo ndio ulikuwa kipenzi chake, umehama naye kila nyumba tangu alipoolewa. Akauongezea maji, akausogeza kivulini, akauimbia. Ukakataa kubembelezwa. Mwishowe akamwita jirani, nesi mstaafu, ambaye alilipiga debe kitako, akauchomoa mmea mzima. Mizizi ilikuwa imejizungusha yenyewe kwa yenyewe, udongo hata hauonekani.

"Jirani, huyu hana ugonjwa," nesi alisema. "Amebanwa. Mkimwacha humu, hataziona mvua zijazo."

"Na nikimtafutia debe kubwa?"

"Debe kubwa ni jela kubwa."

Fundi bomba hakusubiri aambiwe, akaleta jembe. Mama Makopo akautazama mwasumini, akaitazama ardhi, akashusha pumzi.

"Ngoja kwanza," akasema. "Lazima tumwombe mwenye nyumba."

Mumewe alidhani jua limempiga. Lakini mwenzake alikuwa ameshafuta mikono, ameweka sawa kitambaa kichwani, anabisha mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Hodi." Kimya, kwa kuwa wote walikuwa nje. "Hodi humu ndani."

Akafungua, akaingia, akafunga. Mara dirisha la sebuleni likafunguka, kichwa chake kikatokeza, amekunja uso kama wenye nyumba wote aliowahi kuwajua.

"Nani huyo anagonga? Mnataka nini?"

Nesi alishika tumbo kwa kicheko. Fundi bomba alivua kofia. Naye alikuwa mpangaji mzoefu, adabu hizo alizijua.

"Samahani, mama mwenye nyumba. Tuna mche wetu hapa, tunaomba kuupanda."

"Ardhini?"

"Ardhini, mama."

"Na mkihama?"

Fundi bomba alikuwa na mzaha tayari mdomoni, lakini hakuutoa. Nesi naye akaacha kucheka.

"Hatuhami, mama," fundi bomba akasema. "Safari hii hatuhami."

Pale dirishani uso uliokunjwa ukalegea. Ukacheka, ukalia, ukashindwa kuchagua. Ikabidi ajifute kwa pazia ndipo aweze kusema.

"Basi chimbeni," akasema mwenye nyumba. "Tena chimbeni kwenda chini sana."