Kalenda ya Watu Wasiosalimiana

Juzi, kwenye foleni ya benki jijini, niliiona ukutani picha ambayo mara ya kwanza niliiona nikiwa mtoto kule Murongo: barabara imelowa mvua, watu wamejaa na miavuli na makoti meusi, na nyuso zao ni madoa ya rangi tu.

Wakati ule ilikuwa kwenye kalenda kuukuu dukani kwa Mzee Salumu. Duka lilinuka mafuta ya taa, na bibi yangu alikuwa akitafuna punje za kahawa alizokaribishwa, kama ilivyo desturi ya kwetu.

"Wanakwenda kuzika," nilimwambia.

Bibi aliacha kutafuna. "Waenda msibani hufuata njia moja. Hawa kila mtu na njia yake, na hakuna anayemsalimia mwenzake."

"Hiyo ni Ulaya, mama," Mzee Salumu alicheka.

"Hata kama. Anayepita bila salamu ana alichobeba."

Niliogopa. Nilitoka dukani kinyumenyume, nisiwape mgongo watu wale.

Pale benki nilimgeukia mama mmoja aliyesimama nyuma yangu.

"Shikamoo, mama."

Hakuitika. Alinitazama mikononi, akaukumbatia mkoba wake, akarudi nyuma hatua moja.