Kopo la Baba na Mbio za Twalibu

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta vifungo vya koti, kopo likaniponyoka, likaanguka kwenye sakafu ya jiko. Ngo! Sauti moja tu, lakini nilikaa chini, koti mapajani, nisijue tena nilikuwa nashona nini. Ni kopo kubwa la biskuti, la bati, picha yake imeshafutika. Ukilifungua hata leo lina harufu ya tangawizi na kutu. Lilikuwa la Baba. Alikuwa akilipiga kwenye mechi za mpira wa kikapu.

Msicheke. Miaka ya sabini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, tunakaa Saltley, huku Uingereza, nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, na watu wetu waliotoka Mombasa, Unguja na Kisumu hawakuwa na starehe nyingi wakati wa baridi. Kulikuwa na chuo cha ufundi, nusu ya timu yake vijana wetu. Basi Jumamosi mchana tulikwenda ukumbini tumevaa makoti juu ya makoti, kina mama na chupa za chai, kina baba na makopo. Mchezo wetu ulikuwa wa taratibu. Makopo yanalia ngo... ngo... ngo-ngo, mpira unatembezwa mkono kwa mkono mpaka umfikie Salimu, mrefu kama mlingoti, aliyesimama chini ya kikapu. Salimu anageuka, anautia. Vigelegele. Watu wanapiga funda la chai, tunaanza tena.

Kaka yangu Twalibu alikuwa mfupi. Misimu miwili alikaa benchi akiwashikia wenzake taulo. Na Baba alikuwa amemwambia wazi: "Nakupa baridi hii moja. Ukicheza, baki na chuo chako. Usipocheza, unakuja kiwandani na mimi." Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Nyumbani akigonga meza kwa pete yake ya fedha, mara moja tu, sote tulisimama pale pale tulipokuwa. Kiwanda chenyewe kilikuwa cha kuyeyusha chuma. Alirudi kutoka huko kila jioni akikohoa kitu cheusi kwenye leso, na Mama aliziloweka zile leso kwenye ndoo ya peke yake, mbali na nguo zetu.

Ndipo akaja kocha mpya, Bwana Pitman, Mwingereza kijana mwenye masikio mekundu. Alipita nyumba kwa nyumba kujitambulisha. Kwetu alikaa sebuleni karibu na hita ya mafuta ya taa, akalishwa kaimati mpaka akaomba msamaha. Humo ndimo alimotoa ahadi yake, Twalibu akifasiri: hatutamsubiri mtu tena. Mpira ukishikwa, wote watano wanakimbia. Wapinzani tunawabana kulekule kwao, wasipumue. Na wa kuongoza mbio hizo, akamwekea Twalibu mkono begani, ni huyu.

Mzee Mbaruku alikuwepo. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa washangiliaji, na Salimu alikuwa mtoto wa dada yake. Akatafuna, akameza, akasema, "Hebu muulize, watano wote wanakimbia, wanamfukuza nani? Kuna aliyeiba kuku?"

Twalibu akamgeukia kocha, akamwambia kwa Kiingereza kwamba Mzee amefurahi sana.

"Na Salimu je, tumfanye mti wa kuanikia nguo?"

Twalibu akafasiri kwamba Mzee anauliza mazoezi ni siku gani. Mimi nilikuwa na miaka tisa, Kiingereza nakijua, nikajifunika pazia nikicheka. Baba hakucheka. Alisema tu, "Mpira wa mbio ni mpira wa watu wasiojua kucheza." Hilo Twalibu hakulifasiri. Alitazama zulia.

Mechi ya kwanza Salimu alianzia benchi, na kaka yangu nilimwona kama sijawahi kumwona. Alikwenda kama paka aliyemwagiwa maji. Wakatia cha kwanza, cha pili, cha tatu, wageni wameduwaa, mikono kiunoni. Lakini upande wetu kimya. Makopo hayakujua yaingie wapi. Vigelegele vya kina mama vya bao la kwanza vilitoka la pili limeshaingia. Watu walikasirika, nawaambieni, kana kwamba wamealikwa arusi wakakuta ngoma imekwisha. Kisha Twalibu akapoteza mpira mmoja. Mmoja tu. Mzee Mbaruku akainuka: "Mmeona? Si nilisema?" Akaanza kulipiga kopo lake kwa ule mwendo wa zamani. Ngo... ngo... ngo-ngo. Wengine wakafuata. Baba akafuata, kwa ile pete yake, na mlio wake ulikuwa mkali kuliko wote.

Miguu ikaanza kulegea kule uwanjani. Mimi nilifurahi, nikidhani sasa wanamgongea kaka yangu. Twalibu akafika katikati na mpira, akasimama, akatutazama juu tulipokaa. Nikampungia mkono. Mgeni akaja akamnyang'anya ule mpira kama unavyomnyang'anya mtoto kijiko.

Bwana Gurdev, Kalasinga wa Kisumu aliyekuwa kondakta wa basi, akapaza sauti, "Baba Twalibu! Leo unagongea timu gani?" Watu wakaangua kicheko. Baba akagonga kwa nguvu zaidi.

Ikawa hivyo mechi baada ya mechi. Wanakimbia kidogo, makopo yanawavuta nyuma, tunafungwa, na Mzee Mbaruku anatoka ukumbini anatabasamu kama aliyeshinda. Theluji haijayeyuka, Bwana Pitman akaondoka. Salimu akarudi chini ya kikapu, chai ikanoga. Twalibu akavaa ovaroli la zamani la Baba, miguu imekunjwa mara mbili, wakawa wanatoka pamoja alfajiri.

Mimi niliamini kama wote kwamba kocha alikuwa mwongo. Niliamini miaka mingi, mpaka Twalibu, naye sasa akikohoa kile kitu cheusi, amelala kitandani hajafika hata arobaini, aliponiambia ghafla: "Zuhura, mimi nilikuwa naweza. Ila tangu nizaliwe, mkono ule ukigonga, nasimama. Miguu ilimsikia Baba, haikumsikia kocha."

Nawataja kwa majina kwa kuwa wote wamekwenda, nimebaki mimi, na wanaosimulia siku hizi wanasema mtindo ule haukufaa. Mzee Mbaruku alimtaka mpwa wake uwanjani. Salimu alijua, akanyamaza. Na Baba. Sisemi alikusudia, alimlilia Twalibu makaburini mpaka watu wakamshika. Nasema aligonga.

Kopo nimelirudisha kabatini na vifungo vyake. Chini yake, pale pete ilipokuwa ikitua, bati limebonyea, pametokea kishimo kinachoenea ncha ya kidole changu. Nimetafuta kingine, hakipo. Ni hicho kimoja tu. Mkono wa Baba haukuteleza hata siku moja.