Ukisema Neno, Limalize

Baba wa mtoto wangu ameniandikia "OTW" tangu saa nne asubuhi, yaani yuko njiani, na sasa ni jioni. Nazikodolea macho herufi hizo tatu kwenye simu, na puani inanijia harufu ya dawa ya viatu, ile ya buti za polisi iliyojaa nyumba yetu ya mabati kule kambini.

Nikiwa mdogo, baba yangu alitoka Ijumaa moja, akarudi Jumapili mchana. Mama akamzibia mlango, mwiko mkononi.

"Mama watoto, OC alinipa ops, nikapitia HQ."

"Hapa hatutaki vipande. Ukisema neno, limalize. Ops ni nini?"

"Operesheni."

"HQ?"

"Hedikwota."

"Na OC?"

Baba akatazama buti zake. Herufi hizo, cheo cha mkuu wake, alizipigia saluti kila asubuhi tangu sijazaliwa, na hakuwahi kuuliza urefu wake. Majirani walikuwa wameacha kufua.

"Shemeji, mwache afande aingie, jua kali," mmoja akasema.

"Atalala kwako?"

Jirani akarudi kwenye beseni lake. Sisi watoto tulikuwa tunaomba kimoyomoyo baba aruhusiwe, maana sufuria haikufunguliwa kabla hajaketi.

Mwishowe akavua kofia. "Nilikuwa baa."

Neno hilo lilikuwa zima, kwa hiyo mama akampisha. Akatupakulia posho, ugali wetu wa kila siku, na maharagwe. Baba akapewa posho tupu.

"Maharagwe yangu yako wapi?"

"Chakula chako nimekifupisha."