Ubeti Niliokataa Kuufuta

Siku yangu ya kwanza kazini, Shinyanga mjini, Hakimu Mkazi alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba, kisha akaniuliza hakimu mpya atafika lini. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee. Ndiye huyu." Alicheka hadi akafuta machozi, na baada ya hapo akanifundisha kazi bila kunionea huruma. Alinifundisha kumsikiliza mdai, yaani aliyeleta malalamiko, na mdaiwa anayemjibu, bila uso wangu kuonyesha nani ananichosha. Hilo la uso halijaniingia mpaka leo.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nikahamishiwa Kahama. Huko ndiko nilikokutana na kesi ya daktari mkuu wa hospitali ya hapo dhidi ya Mama Kabula. Mama Kabula alikuwa mkulima wa mpunga, na pia manju, mtunzi na kiongozi wa wigashe, ile ngoma ya Kisukuma inayoimbwa watu wamekaa. Mdogo wake alifariki hospitalini akijifungua. Kwenye mashindano ya ngoma baada ya mavuno, akamtungia daktari wimbo wa beti mbili. Ubeti wa kwanza ulisema aliiacha wodi ya wazazi mchana kweupe akaenda kumtibu tajiri wa ng'ombe nyumbani kwake. Wa pili ulisema anawaua wajawazito kwa uchawi. Wimbo ukashika, ukawa unaimbwa sokoni na kwenye mabasi. Daktari akafungua madai ya kashfa, yaani kuharibiwa jina kwa uongo, akataka wimbo wote upigwe marufuku.

Kabla sijaisikiliza kesi, yule Hakimu Mkazi akaja Kahama.

"Binti yangu, madaktari tunao wachache. Huyu akisusa akaondoka, utatibu wewe?"

"Na wajawazito, mzee, ndio tunao wa kumwaga?"

Aliondoka hata chai hakumaliza.

Mahakamani daktari hakukana. "Nilitoka kidogo tu," alisema.

"Uliporudi ulimkuta mgonjwa hai?" nikamuuliza.

"Nilikuta ameshafariki."

Katika kashfa, ukweli ni kinga. Aliyesema kweli juu ya kazi ya mtumishi wa umma hawezi kufungwa mdomo kwa sababu kweli hiyo inauma. Lakini uchawi hakuna aliyeuthibitisha, na huku kwetu neno hilo haliishii kwenye kuchafua jina, linaleta watu na mapanga mlangoni. Nikaamuru ubeti wa pili ufutwe, na Mama Kabula aombe radhi kwa kuimba, uwanja uleule, mbele ya watu walewale, na daktari akiwepo. Ubeti wa kwanza nikauacha.

Mama Kabula akasimama. "Mheshimiwa, umeninyang'anya nusu ya msiba wangu!"

"Nimekunyang'anya uongo, Mama Kabula. Msiba wako unao."

Siku ya ngoma nilienda. Aliimba radhi, watu wakampigia daktari makofi, naye akainuka aondoke. Mama Kabula akaanza ubeti wa kwanza, kwa sauti kubwa kuliko ya mwanzo. Daktari alisimama pale, kisha akakaa chini, akausikiliza mpaka mwisho. Nilimheshimu kwa hilo, na sioni aibu kusema.

Haukupita muda nikahamishiwa Geita, nikawa naamua ugomvi wa wachimbaji wanaogombea mashimo ya dhahabu. Cheo hakikupanda tena. Siku naagwa kwa kustaafu, Hakimu Mkazi, mzee sana sasa, alininong'oneza, "Ungenisikiliza, ungefika mbali." Nikamwambia nimefika nilikokuwa nakwenda.

Nyinyi mahakimu vijana mnaniuliza kama ningeandika hukumu nyingine. Nisingebadilisha hata nukta. Jina la daktari nililisafisha pale lilipochafuliwa kwa uongo. Pale alipolichafua mwenyewe, haikuwa kazi ya mahakama kumfulia.